Figo Imepatikana, Chanjo Je? (Sehemu ya 4)

Ndugu zangu wa Karatu na Ngorongoro, leo kuna watu nitawaudhi. Mnisamehe.

Ndugu yetu akihitaji kupandikizwa figo, tunajua kuchanga. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mwenye ng'ombe anauza, wa kutoa figo anapatikana. Safi kabisa. Ila uliza kwenye kundi: mgonjwa kachanjwa homa ya ini B? Kimya. Na sisi manesi tunajibu eti "atachanjwa huko huko mbele". Hata mimi nimewahi kulitoa jibu hilo. Ni jibu baya.

Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018. Siyo lazima India tena. Lakini ili mwili usiikatae figo ngeni, mgonjwa anameza dawa za kushusha kinga kila siku. Kinga ikishashuka, chanjo nyingi hazishiki vizuri. Na zile zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, yaani surua, tetekuwanga na homa ya manjano, hapewi tena. Zinatakiwa ziishe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Sasa huko "mbele" ni wapi?

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, kwa kawaida miezi 6. Watoto wa Tanzania walianza kuipata kliniki mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, usijidanganye kwamba ulichanjwa utotoni. Daktari akitamka tu kwamba figo zimechoka, ulizia kipimo na sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, hapa hapa Karatu.

Halafu akirudi nyumbani? Tusisahau homa ya Bonde la Ufa ya 2007, Ngorongoro iliguswa mapema. Kirusi kile hupita kwa mbu na kwa damu ya mnyama mgonjwa. Mwenye figo mpya asichinje, asizalishe ng'ombe, asinywe damu wala maziwa mabichi. Mzee akisema maziwa ya kuchemsha hayana nguvu, mpe shikamoo yake, kisha chemsha.

Na wewe mwenye mafua, salamu tuma kwa simu. Kwako ni mafua tu, kwake ni kulazwa.

Tumechangia figo. Tusiizike kwa uzembe wa sindano.

Sehemu ya 5: kirusi kinachoweza kuja ndani ya figo yenyewe.