Karte moja kwa mambo yote, na hiyo moja hawatupatie

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare, mmeona mabishano ya Wamarekani kwenye simu zenu. Kule Wisconsin, mwezi wa ine 2025, wananchi walikubali kuweka ndani ya katiba yao kama mtu lazima aonyeshe karte yenye picha mbele ya kuchagua. Maine, mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, walikataa. Sasa wengine huku kwetu wanasema: "Munaona, hata wazungu wanafanya sawa sisi."

Hapana! Mmarekani mwingi ana permi ya gari, ama pasipoti. Sisi tuko na kitu kimoja tu: karte ya uchaguzi ya CENI. Karte ya wakati wa Zaire ilikufa, nyingine haikuja. Hii ndiyo ya kuchagulia, ya kuandikisha namba ya simu, ya kuchukua franga ndugu alizokutumia, ya kupita bariyeri. Asiye nayo, pale kwenye kamba, analipa.

Na inatolewa wakati gani? Wakati wakubwa wanahitaji kura zetu. Maniema tuliandikishwa 2023. Kijana aliyekuwa na miaka 16 wakati ule leo ni mtu mzima, hana hata kartasi moja ya kusema yeye ni nani. Katiba ya 2006, kifungu cha 5, inamuita mchaguzi tangu miaka 18. Angojee 2028?

Ndiyo maana watoto wanaingia kwenye mstari na kudanganya miaka. Tusiwatukane sana. Hawatafute kuchagua, wanatafuta kupita bariyeri. Halafu Kinshasa wanashangaa kama liste ya wachaguzi ni chafu! Waliichafua wao, siku walipofanya karte ya uchaguzi kuwa karte ya kuishi.

Tena ule wino. Karte za 2023 zilifutika kwa watu wengi, inchi muzima. Yangu imebakia kivuli cha kichwa, jina limeenda. Niko na lisansi, natafuta kazi. Nilipeleka dosiye mahali fulani, wakanirudishia: "Karte haisomeke, lete duplikata." Haya, pikipiki ya kwenda, pikipiki ya kurudi, na franga "ya kalamu" katikati. Kwa mtu asiye na kazi! Mama wa kijijini ndani kabisa ya Kabambare atafanya namna gani?

Tarehe 30 mwezi wa sita 2023 Rais alipokea karte ya kwanza ya uraia mbele ya kamera. Tulipiga makofi. Yetu iko wapi? Leta ilihesabu watu wake mara ya mwisho 1984, wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa bado kuoana.

Hatukatae kuonyesha karte siku ya kuchagua. Picha inazuia mtu asichague kwa jina la marehemu, hiyo ni muzuri. Lakini anayeidai ndiye anapashwa kuitoa. Tunaomba ofisi ya kuandikisha ifunguliwe mwaka muzima, Kasongo na Kabambare, na ifike mu vijiji. Karte zilizofutika zibadilishwe bure. Na ule mchezo wa karte kwenye bariyeri uishe.

Wabunge wetu wakirudi vakansi, mbele ya kupokea T-shirt zao muwaulize: ofisi itafunguliwa siku gani? Muandike jibu na tarehe, mututumie.