Trauti Ukutani, Furu Ziwani

Kuna hoteli moja Bukoba mjini, sitaitaja jina, ukiingia mapokezi unakutana na samaki mkubwa aliyechorwa kwa rangi za mafuta. Ameruka juu ya maji, mdomo wazi, madoadoa mekundu ubavuni. Mbele ya pua yake kuna inzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano. Nyuma yake misonobari na mlima wenye theluji. Nikiwa nasubiri ufunguo nikamwuliza dada wa mapokezi huyu ni samaki gani. Akautazama ukuta kama vile anauona kwa mara ya kwanza. "Sangara?" akasema, halafu akacheka mwenyewe.

Si sangara, ni trauti. Samaki wa mito ya baridi, anayevuliwa na watu wenye nafasi, wengine wakimvua kisha wanamrudisha majini. Na ukitoka kwenye mlango ule ule ukashuka kuelekea ziwani, hutembei sana kabla hujafika mwalo wa Nyamukazi, ambako samaki wanashushwa, wanapimwa, wanagombaniwa bei, wanakatwa vichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyepanda ukutani.

Nimemtafuta mchoraji. Bukoba si kubwa kihivyo. Ni mtu wa Muleba, mkono wake ni mzuri kweli kweli, na picha ile aliitoa kwenye simu. Hakunificha. "Sikiliza mwalimu," akaniambia, "mteja anataka samaki anayeruka. Sasa furu ataruka aende wapi?" Nikacheka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Nilipofika nyumbani hasira ikanipanda. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi wa Goziba. Huyu kijana amelala mtumbwini kabla hajajua kusoma, halafu anachora samaki ambaye hajawahi kumshika, kumpara magamba, wala kumnusa.

Najua mtakachosema wadau. Mwacheni msanii achore anachotaka, sanaa haina mpaka. Sawa. Lakini yeye hajasema anachora anachotaka. Amesema anachora anachotaka mteja. Hayo ni mambo mawili, na sisi wapenzi wa sanaa tuna tabia ya kuyachanganya ili tusigombane na mtu.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na trauti. Mmarekani Winslow Homer alimchora vizuri mno kwa rangi za maji, mwishoni mwa karne ya 19, kwenye milima ya Adirondack alikokwenda kuvua. Mfaransa Gustave Courbet alimchora kwa mafuta mwaka 1872, akiwa ametoka kufungwa kwa kushiriki Komuni ya Paris. Trauti wa Courbet harukiruki. Amelala kwenye mawe, uzi unamtoka mdomoni, damu kwenye mashavu, na jicho lile ukilitazama unajua mchoraji anazungumzia kifungo chake. Watu hawa walimjua samaki wao. Anayevua kwa inzi wa manyoya analazimika kujua mto wake una wadudu gani, wanatoka mwezi gani, samaki anawafuata saa ngapi na kwenye kina gani. Hapo ndipo picha inapoanzia. Sisi tumechukua samaki wao tukauacha ujuzi, kama mtu aliyeazima koti na kuacha mwili.

Ujuzi huo kwani hatuna? Mwulize mvuvi wa Bumbire au Ikuza kwa nini dagaa wanavuliwa giza la mwezi na taa zinafanya kazi gani. Mwulize vile vijidudu vinavyopanda juu ya ziwa kama moshi wa msitu unaoungua vinatoka wapi na nani anavila. Atakueleza mpaka chai ipoe. Hao ndio inzi wetu, jamani, na hawahitaji manyoya.

Kuna jambo lingine ambalo waliopamba ile hoteli labda hawalijui. Jicho linalomtaka samaki mkubwa anayepigana kwenye ndoano lina historia kwenye ukanda wetu, na historia yenyewe si ya mapambo. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, ili walowezi wapate cha kuvua. Sangara naye si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alitiwa humu miaka ya 1950 na 1960, na miongoni mwa hoja za waliomtaka ilikuwamo hiyo ya uvuvi wa mchezo. Hoja nyingine ilikuwa furu. Maofisa wa kikoloni waliwaita furu samaki takataka: wadogo, wana miiba, hawana soko. Heri waliwe na mkubwa mwenye thamani. Wakaliwa. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na watafiti wanakadiria aina kama 200 zilitoweka pale sangara walipofumuka miaka ya 1980. Sisemi sangara hajatulisha. Amejenga nyumba nyingi za bati Muleba, amesomesha watoto, na bondo lake leo linauzwa kwa bei ambayo nyama yake haiioti. Ninachosema ni kwamba kijana wangu aliponiuliza furu ataruka aende wapi, alikuwa anarudia, bila kujua, sentensi ya ofisa wa mkoloni.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo mchoraji anapotakiwa kuamka.

Furu dume akiwa tayari kuzaa anawaka. Kuna wa bluu, kuna wa njano, kuna mwekundu mgongoni mwenye mistari myeusi ubavuni. Jike ana rangi ya kawaida tu, lakini yeye ndiye anayechagua, na anachagua kwa macho. Akishachagua anabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kitu ambacho mimi nimekisoma mara tatu na bado kinanisisimua: pale maji ya ziwa yalipochafuka na kuwa na ukungu, majike hawakuweza tena kutofautisha dume wa bluu na dume mwekundu, wakaanza kuzaa na yeyote, na aina zikaanza kuchanganyikana. Yaani rangi ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya ukoo na ukoo. Maji yakififia, ukoo unafutika. Unataka mada gani zaidi ya hiyo, wewe mwenye brashi?

Na mmoja wa hao wekundu anaitwa nyererei. Ndiyo, Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza walimpa samaki huyo jina la Rais wetu wa kwanza. Ndugu yake wa karibu, wa bluu, jina lake la kisayansi ni pundamilia, Kiswahili kitupu. Ulaya watu wanawafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni na kubishana kuhusu joto la maji yao. Hapa kwetu nina picha kichwani za Nyerere wa shaba, wa kitenge, wa noti na wa kalenda. Nyerere wa majini sijamwona kwenye ukuta wowote, si Bukoba, si Muleba.

Mtanikumbusha Tingatinga. Kweli, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 hivi na kufariki 1972, alituachia mtindo ambao leo umejaa samaki. Lakini wengi wa samaki wale ni wa baharini, na wengi wanachorwa kwa kumwangalia samaki wa jana kwenye ubao wa jirani. Tena ile ni rangi ya enameli, inayong'aa juu juu. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Unapaka tabaka jembamba, unasubiri, unapaka jingine, na mwanga unapenya na kurudi kutoka chini. Gamba la samaki linafanya hivyo hivyo. Kijana wetu anaijua mbinu hii, ubavu wa trauti wake unaonyesha. Ndiyo maana inauma.

Nadhani woga wetu una jambo jingine chini yake. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa Mwanza iliionyesha dunia mapanki, minofu ikiwa imepanda ndege na mifupa ikiwa imebaki kwa wenyeji. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na neno mapanki likawa tusi la kisiasa. Ubishi ule nauelewa, filamu ina mapungufu yake. Lakini somo tulilochukua ni baya: kwamba samaki wa ziwa letu akionyeshwa kwa karibu, ni aibu. Basi tukamkaribisha trauti, mgeni asiye na habari za kutuumbua. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika kwanza na kuvuta watu walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Taifa zima liliwapigia makofi. Ukutani bado ni theluji.

Wenye hoteli, mnanunua fahari ya watu wengine kwa bei ya reja reja. Na sisi tunaoandika mapitio, tunaosifu "umahiri wa brashi" bila kuuliza samaki huyu ni nani, tunastahili lawama zaidi ya yule kijana. Yeye ana kodi ya kulipa.

Nilirudi kwake juzi. Nikamwambia ukichora furu mmoja, dume, wa kuzaa, nitanunua mimi, kwa bei ile ile ya hoteli. Akanyamaza kidogo. "Kaka, tatizo akifa rangi inakwenda," akasema. "Baba alikuwa ananionyesha. Dakika chache tu, amekuwa majivu." Akaniomba nimtafutie chupa kubwa ya kioo, yenye mdomo mpana, na nilipie mafuta ya injini ya kwenda Bumbire. Chupa nimeipata sokoni. Tunaondoka Jumamosi ziwa likitulia.