Mapacha wa kike si msiba: nasaha kwa akina baba



Ndugu Waislamu, baada ya Swala ya Alasiri katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ndugu mmoja mkulima wa alizeti alinisogelea. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Ustadhi, mama watoto amepimwa. Ni mapacha, na wote ni wasichana. Sasa shamba la babu litabaki na nani?" Nilimpa hongera, hakuipokea. Baadaye nikafahamu kuwa tangu siku ile alikuwa ameacha kutoa nauli ya mkewe kwenda kliniki.

Wapo wanaouliza kama kipimo cha utrasaundi hakipingani na aya ya mwisho ya Suratul Luqman, inayotufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Hakipingani. Daktari huona kiungo kilichokwisha kuumbwa, na huenda akakosea. Allah (S.W.) anajua kabla ya kuumbwa, na anajua umri wa mtoto, riziki yake na mwisho wake. Hayo hakuna chombo kinachoyaona. Kwa hiyo kupima si dhambi. La kuchunga ni nia, na yale tutendayo baada ya kujua.

Hapo ndipo ndugu yetu alipoteleza. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nahl aya ya 58 na 59, inamlaumu mtu wa zama za ujahili ambaye akipewa habari ya mtoto wa kike uso wake husawijika, akajificha na watu kwa kuona haya. Na katika Suratush Shura, aya ya 49 na 50, Mola wetu anatuarifu kuwa humtunuku amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na wengine huwachanganyia, na wengine huwajaalia kuwa tasa. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba aya hiyo imeanza kuwataja wa kike, na kwamba wote wameitwa zawadi.

Wala mke hana lawama hata chembe. Elimu ya tiba imethibitisha kuwa mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Anayemnunia mkewe kwa sababu hiyo amemwadhibu asiye na kosa.

Tuje kwenye shamba. Kwa Wanyaturu, kama kwa makabila mengi yetu, ardhi na ng'ombe hufuata ukoo wa baba, na baba asiye na mtoto wa kiume huona kama jina lake limefutika. Lakini swali la ndugu yetu lilikwisha kujibiwa Madina. Saad bin Rabii (R.A.) aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ami yao akachukua mali yote. Mama akamwendea Mtume (S.A.W.) kushitaki, na aya ya mirathi ikashuka. Mtume akamwamuru ami yule awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na yeye achukue kilichobaki. Basi shamba la babu lina wenyewe. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Kinachokosekana ni baba mwenye ujasiri wa kuwaambia ndugu zake haya angali hai.

Na ni nani mbora kuliko Mtume wetu? Wanawe wa kiume walifariki wangali wadogo, washirikina wakamcheka kuwa amekatikiwa na kizazi. Leo kizazi chake kinajulikana ulimwenguni kote kupitia kwa binti yake Fatma (R.A.). Naye ametufundisha kuwa mwenye kulea mabinti wawili mpaka wakabaleghe, atakuwa karibu naye Siku ya Kiyama kama vidole viwili vilivyo karibu. Ndugu yetu amepewa hao wawili kwa mara moja, naye ananuna!

Jambo la mwisho ndilo la haraka zaidi. Mimba ya mapacha ina hatari kuliko ya mtoto mmoja: watoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, na mama huweza kupata shinikizo la damu au kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama huyo anahitaji kliniki mara nyingi zaidi, na ajifungulie hospitali. Kumnyima nauli ni kucheza na roho tatu ambazo baba ataulizwa kwazo.

Nilipomaliza kumweleza haya, ndugu yule aliinamisha kichwa, kisha akauliza: "Mbuzi wa akika ni wangapi?" Nikamjibu: kila binti na mbuzi wake. Akaniomba radhi, akaondoka kwenda nyumbani kwa mkewe.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu. Amin.