Mhamaji Achukue Nini?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wasomaji, na nyinyi vijana wetu, mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mtu humwomba Mungu lisimfike, nalo ni kutolewa kwa nguvu katika nchi yake. Siku hiyo ikimfika mtu hana nafasi ya kufanya shauri refu. Mikono yake ni miwili tu, na huenda mmoja umeshika mtoto. Basi achukue nini, na nini akiache?

Sisi watu wa Kanyenye swali hili si geni kwetu, kwani Tabora ni mji uliokuzwa na mizigo. Zamani za misafara mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kiasi cha frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, mpaka pwani; naye alikuwa mtu mwenye nguvu, aliyezoea njia. Na wako waliopitishwa njia hiyo hiyo kutoka Manyema wamefungwa, wakibebeshwa pembe za watu wengine, na wao wenyewe hawana kitu. Vizazi vyao tunao mpaka leo. Tena mwaka 1972, yalipotokea mauaji katika Burundi, maelfu ya watu walivuka mpaka, na wengi wao wakapewa mahali pa kukaa Ulyankulu, katika mkoa wetu huu. Na Januari 2025, Goma ilipotekwa, tulisikia tena habari za watu kukimbia na godoro kichwani.

Basi jambo la kwanza ni roho za watu. Mzee, mgonjwa, mjamzito na mtoto huja mbele ya kabati na cherehani. Chakula, maji na dawa ya mgonjwa ni katika hesabu ya roho, wala si katika hesabu ya mali. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, safari yake ilipangwa: palikuwa na chakula, ambacho bibi Asma binti Abubakar alipasua mshipi wake ili akifunge, palikuwa na ngamia, na palikuwa na kiongozi wa njia aliyekodiwa. Kumtegemea Mungu hakukumzuia kujitayarisha.

Jambo la pili ni amana na madeni, na hapa ndipo wengi huteleza. Mtu husema, “Mimi nakimbiza roho yangu, mali za watu shauri yao.” Haifai. Watu wa Makka walikuwa wakiweka vitu vyao kwa Mtume (s.a.w.), hata wale waliompinga. Usiku ule waliotaka kumwua, hakuvichukua vitu vile wala hakuvitupa, alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) nyuma ili amrudishie kila mtu chake. Ali akakaa siku tatu mpaka akamaliza, ndipo akafuata. Fikirini, ndugu zangu: mtu anatolewa mjini mwake kwa dhuluma, na bado anawarudishia haki zao wale wanaomdhulumu.

Nasi twafundishwa katika sheria ya kuwa mwenye amana akitaka kusafiri humrudishia mwenyewe au wakili wake. Asipowapata, humkabidhi kadhi au mtu mwaminifu. Asipopata yeyote, na huku hatari imefika, ndipo huichukua pamoja naye. Ikiporwa njiani bila ya yeye kuzembea, halipi. Lakini deni si kama amana. Deni linavuka mpaka pamoja na mwenye kudaiwa, hata kama nyumba yake imeungua.

Jambo la tatu ni karatasi. Nazo ni nyepesi, na kwa ajili hiyo watu huzidharau. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza ya kuwa Waasia wa Uganda waondoke katika siku 90. Waislamu wengi walikuwa miongoni mwao. Zaidi ya watu 27,000 walikwenda Uingereza, na fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo mno. Maduka, viwanda na majumba yalibaki. Lakini mwaka 1982 ilitungwa sheria Uganda ya kuwawezesha wenye mali kudai mali zao, na miaka iliyofuata wako waliorudishiwa. Siku ile mwenye hati ya nyumba alikuwa na kitu cha kuonyesha. Basi cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha shule, hati ya nyumba au shamba, na kadi ya kliniki ya mtoto, vyote hivi havifiki uzito wa sufuria moja. Lakini sufuria hununuliwa popote.

Jambo la nne ni lile asiloweza askari yeyote kulipekua mpakani, nalo ni elimu. Waislamu wa kwanza walipokimbilia Habasha, Makuraishi walituma wajumbe kwa mfalme Najashi, pamoja na zawadi za ngozi nzuri, ili awarudishe. Wakimbizi hawakuwa na zawadi. Walikuwa na Jaafar bin Abi Talib (r.a.), naye alikuwa amehifadhi Sura ya Maryam kifuani. Akaisoma, mfalme akalia, na wajumbe wakarudishwa na ngozi zao. Vivyo hivyo wale wa Ulyankulu: walikuta msitu wa miombo, wakaufyeka, wakalima mahindi na tumbaku kwa ujuzi waliokuja nao. Mwaka 2010 serikali yetu iliwakubalia uraia kiasi cha watu 162,000 katika wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao.

Ama mali iliyobaki, mtu asiifie. Suhaib ar-Rumi (r.a.) alizuiwa na Makuraishi njiani, akawaachia mali yake yote ili wamwache aende zake. Mtume (s.a.w.) alipomwona alimwambia ya kuwa biashara yake imepata faida.

Enyi vijana, msingoje mpaka bunduki zilie. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Anayeuandika leo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhamaji: amejua nani anamdai, nani anadaiwa, na kitu gani si chake. Wekeni karatasi za nyumbani katika mfuko mmoja, kila mkubwa wa nyumba aujue ulipo, na picha zake awe nazo ndugu aliye mbali. Huenda mfuko ule usitumike kwa vita. Utatumika kwa moto, kwa mafuriko, au kwa mauti, ambayo ni safari isiyomkosa mtu.

Mwenyezi Mungu aipe nchi yetu amani, awarejeshe makwao kwa salama wote waliotolewa kwa dhuluma, na atujaalie kuondoka duniani hali hatuna kitu cha mtu mikononi mwetu. Amin.