Asiyepiga Hodi na Alipe: Barua Pepe Taka na Wajibu wa Wanakiswahili

Mila ya Mswahili humtaka mgeni apige hodi, angoje kukaribishwa, ndipo aingie. Barua pepe taka haina adabu hiyo. Mwenye duka mjini Voi hufungua kisanduku chake akakuta matangazo na ulaghai asiouomba, huku barua aliyoingojea imefunikwa chini yake.

Wapo washauri wasemao dawa ni kufuta tu. Ushauri huo ni dhaifu. Mtumaji hutuma maelfu ya barua kwa gharama ndogo mno. Akinasa mmoja, amepata faida. Anayefuta hamkomeshi.

Taita Taveta yenyewe ina funzo. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima waliosumbuliwa na ndovu wa Tsavo walizungushia mashamba yao nyaya zilizotundikwa mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu hauawi; hufunzwa kwamba shamba lile lina gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika misimu ya mazao ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu.

Raia naye ana mzinga wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka mfanyabiashara apate idhini kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara, na huruhusu malalamiko hata kwa mdomo. Mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia mawasiliano ya watu bila idhini na kuwatumia jumbe za vitisho. Kweli, mtumaji aliye ng'ambo si rahisi kumfikia. Huyo atazuiwa kwa chujio na kwa kutojibiwa. Aliye nchini hana pa kujificha.

Kinachokosekana ni lugha. Maelezo ya kujiondoa aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki isiyosomeka ni mzinga usio na nyuki. Hivyo basi, wanakiswahili waafikiane kuhusu istilahi, waifafanue sheria hii kwa lugha nyepesi, na wadai kila tangazo liwe na njia ya kujiondoa kwa Kiswahili.

Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Asiyepiga hodi apewe siku ya kwanza.