Mtaro wa Chumbageni haukuzibwa na tabianchi

Masika yakikaza, maneno yale yale hurudi vibarazani Chumbageni na kwenye ofisi za kata: dunia imebadilika, bahari inapanda, mvua si zile za zamani, na Jiji la Tanga ni dogo mno kupambana na mambo makubwa kama hayo. Wanaosema hivyo si waongo. Wanapoanzia pana ukweli, lakini wanapofikia sipo. Na kwa kuwa maneno hayo sasa yanatumika kutetea mtaro usiozibuliwa na nyumba iliyopewa kibali mahali pasipofaa, nayajibu hapa.

Linalotangulia siku zote ni kwamba tabianchi ni kazi ya mataifa makubwa. Walioijaza anga hewa ya ukaa ni Marekani, China na Ulaya, na mchango wa Tanzania ni kidogo mno. Hilo ni kweli, na deni lao lisisahauliwe. Lakini kupunguza hewa ya ukaa ni kazi moja, na kujikinga na madhara yake ni kazi nyingine, na hii ya pili hakuna aliye mbali anayeweza kutufanyia. Umoja wa Mataifa hautoi vibali vya ujenzi Tanga. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaja halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na inataka halmashauri ziwe na maofisa mazingira wa kuisimamia. Sheria Na. 8 ya 1982 inazipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwenye mamlaka yote haya hawezi kusema hana la kufanya.

Linafuata la El Niño, kwamba mvua ndizo zilizozidi. Vuli ya 2023 ilikuwa kali kweli, na Desemba ya mwaka huo tope la Mlima Hanang likaifukia Katesh. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua pwani yetu, jambo ambalo wengi tulikuwa tukilisikia likitokea Msumbiji na Madagaska tu. Sibishani na mawingu. Nasema tu kwamba mvua ile ile, ya saa zile zile, hupita mtaa mmoja ikaenda zake baharini, na mtaa wa pili ikaingia ndani hadi uvunguni mwa vitanda. Tofauti ya mitaa hiyo miwili iko chini. Kautazame mtaro wowote wa katikati ya mji wiki moja kabla ya masika. Chini pana mchanga mkavu uliojaa nusu ya kina. Juu yake zimelala chupa za maji, makumbi ya madafu, nepi, na vipande vya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mdomo wa kalavati umebaki na uwazi wa kupitisha mkono. Hapo hata mvua ya kawaida, ya miaka ambayo babu zetu waliisifu, ingefurika.

Hapa utajibiwa kwamba mtaro wa barabara ni wa TARURA, iliyokabidhiwa barabara za mijini na vijijini mwaka 2017, na kwamba Jiji halina mkono hapo. Nusu ya jibu hili ni sahihi na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mtaro ni wa TARURA, taka zilizomo ni za Jiji, mikoko inakokwenda maji yake ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, na bomba lililopasuka pembeni ni la mamlaka ya maji. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole huku maji yakipanda kizingiti. Lakini mgawanyo huo haukushuka na mvua, umewekwa na watu. Baraza la madiwani lina uwezo wa kumwita meneja wa TARURA aeleze ratiba yake ya kuzibua kabla ya Machi. Jiji lina uwezo wa kuhakikisha taka zinafika dampo la Mpirani badala ya kuishia mtaroni. Lina uwezo pia wa kuvipa vikundi vya vijana wa mtaa mkataba wa usafi wenye malipo ya uhakika. Hakuna hata moja katika hayo linalongoja mkutano wa kimataifa.

Kuna hoja ya bahari, nayo inastahili kujibiwa polepole kwa sababu inagusa uchungu. Watu wa Tanga na Pangani wanaijua Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi kuliko karibu popote pengine katika pwani ya Tanzania. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimegeuka fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Serikali yenyewe, katika mpango wake wa taifa wa kukabiliana na tabianchi wa 2007, iliitaja Maziwe kama ushahidi wa bahari kupanda. Tangu hapo imekuwa jibu la kila swali: hata Maziwe imezama, sisi ni nani?

Lakini Maziwe haikuliwa na bahari peke yake. Uchunguzi wa historia ya kisiwa hicho uliochapishwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 1992 uliuliza sababu, na miongoni mwa zinazotajwa mara kwa mara ni ukataji wa miti, mivinje kwanza. Mizizi ndiyo iliyokuwa ikiushika ule mchanga. Ilipoondoka, mawimbi ya kusi yalipata kazi nyepesi. Mimi naisoma Maziwe kinyume kabisa na wanavyoisoma wakata tamaa. Bahari inapanda, ndiyo, ila pale iliwakuta watu wamekwisha kuifungulia mlango. Leo wahifadhi huchukua mayai ya kasa pale Maziwe na kuyahamishia pwani ya Ushongo ili yasizame. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini inafanyika kwa kuwa mti wa kushikilia mchanga haukulindwa siku ulipokuwa bado umesimama. Sasa tazama mikoko ya Mwambani, ya Sahare, ya Chongoleani. Mikandaa na michu ile inakatwa kwa ajili ya nguzo za nyumba na kuni za tanuri za chokaa. Tunataka wajukuu nao waambiwe kwamba tabianchi ndiyo iliyowanyang'anya ufukwe?

Wengine watasema dawa ni ukuta, na watakuelekeza Pangani, ambako ukuta wa kando ya mto ulijengwa upya kwa fedha za mradi wa tabianchi. Mji ule ulikuwa unamegeka na ulihitaji ukuta. Nisingethubutu kuwaambia watu wake vinginevyo. Ila ukuta ni wa mahali palipokwisha kujengwa na pasipoweza kuhamishwa. Ukiujenga pwani yote, wimbi linaloukuta halikati tamaa, huhamia kumega mwishoni mwake, kwa jirani. Pale penye nafasi, mikoko na ile mita 60 ya sheria hufanya kazi hiyo hiyo, na hazihitaji saruji.

Na hiyo mita 60 ina malalamiko yake. Wananchi husema ni sheria ya wanyonge: banda la muuza samaki huvunjwa, jengo kubwa huachwa. Malalamiko haya siyapingi, nayaunga mkono. Sheria inayochagua nyumba haiwezi kuungwa mkono na mtu yeyote, na hapo ndipo sera ya tabianchi ya mji inapofia. Jibu lake ni kuitumia kwa wote, na ramani ya mstari huo kubandikwa ofisi ya kila mtaa wa pwani ili kila mtu aione kabla hajanunua kiwanja.

Hoja ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote. Halmashauri zetu kweli zimepokonywa vyanzo. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la miji, tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme, si halmashauri tena inayoikusanya. Lakini anayesema hakuna fedha za mambo haya Tanga ameisahau Tanga yenyewe. Februari 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wanunuzi wakatoa bilioni 54.72, zaidi ya zilizoombwa. Mamlaka ya maji ya mji wa mkoani iliingia sokoni Dar es Salaam ikaaminiwa.

Nisiipambe mno. Riba ile ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, na itatoka katika bili za wateja. Na fedha hizo hazitakuwa na maana kama mto Zigi hautalindwa huko juu. Maji ya Tanga hutoka Zigi, unaoanzia Usambara Mashariki na kujaza bwawa la Mabayani. Shamba likilimwa hadi ukingoni, au wachimba dhahabu wakirudi mitoni kama walivyovamia Sakale miaka ya mwanzo ya 2000, udongo hushuka bwawani, nafasi ya maji hupungua, na mtambo hudai shabu nyingi zaidi kuyasafisha. Mkulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa huko Zigi, anayeacha ukingo bila kulima na kupanda miti anamfanyia kazi mama wa Chumbageni anayefungua bomba asubuhi. Huko ndiko senti ya kwanza iende. Na Jiji nalo lina mfano wa karibu: kaunti ya Makueni, Kenya, mwaka 2015 ilitunga kanuni za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi. Makueni ni nchi kame isiyo na bandari.

Imebaki hoja moja: kwamba mji unaopokea bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda, linaloishia Chongoleani, hauna uso wa kuzungumzia tabianchi. Mkinzano upo na sitauficha. Lakini bomba halikuamuliwa na madiwani wa Tanga, na mtoto wa Chumbageni hawezi kulala majini kama adhabu ya uamuzi wa wengine. Tena, kama mafuta yataleta mapato kwa mji huu, ni haki sehemu yake iende kwenye mitaro na mikoko.

Mipango ya mwaka wa fedha hupita kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kufika kwa madiwani. Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako. Uliza mtaro upi utazibuliwa kabla ya Machi, nani atalipwa, na kibali gani cha ujenzi kimetolewa ndani ya mita 60. Ukijibiwa kwamba ni tabianchi, uliza tena.