Adui wa Barabara ni Maji

Barabara ya skimu inapoharibika wengi wetu hulaumu malori. Lakini adui wa barabara ya udongo ni maji. Yakituama juu yake, udongo hulainika na gurudumu la kwanza hutoboa shimo. Mvua ya pili hulijaza, na magurudumu mengine hulipanua. Mwishowe lori la maziwa halifiki, na maziwa ya asubuhi huchacha yangali mikebeni.

Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, njia nyingi zilizokuwa za trekta la mwenye shamba mmoja ziligeuka kuwa barabara za jamaa wengi. Kwa hiyo utunzaji wake pia ni wa wengi.

Yapasa barabara iwe na mgongo. Ikiwa upana wake ni mita 5, katikati painuke kuliko kando kwa sentimita 20 hivi. Iwe na mitaro pande zote mbili, na mitaro hiyo iwe na vijitaro vya kumwaga maji nje.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Maji yakitoka barabarani huingia katika shamba la mtu. Mwenye shamba huziba kijitaro. Maji humfikia jirani aliye chini, naye huziba. Hatimaye yote hushuka kwa pamoja, hukata barabara na kuchimba korongo linalomeza mashamba. Wengine hulima hadi ukingoni na kufukia mtaro wenyewe. Mstari mmoja wa mahindi haulipi hasara hiyo.

Shauri letu ni kwamba maji yagawanywe kama mashamba yalivyogawanywa. Vijitaro viwe vingi na vidogo, ili mtu mmoja asibebe mzigo wa wote. Midomo yake ipandwe nyasi, na maji yaongozwe kwenye majani ya Napier au matuta ya fanya juu, si kwenye viazi. Hivyo yatalisha ng'ombe badala ya kubomoa njia. Kabla ya mvua za Machi, kamati itembee barabara nzima pamoja na wenye mashamba, na mahali pa kila kijitaro pakubaliwe mbele ya wote.

Kisha awepo mtunzaji. Katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza Kenya mwaka 1974, mkazi wa karibu alilipwa kutunza kipande cha kilomita moja na nusu hivi, kwa jembe, beleshi na panga. Chama cha ushirika chaweza kufanya vivyo hivyo kwa makato madogo ya fedha za maziwa.

Madaraja na mabomba makubwa ni kazi ya serikali, na tuidai. Lakini greda likipita huku mitaro imezibwa, mvua ya kwanza itafuta kazi yote. Anayefungua mtaro wake analinda maziwa yake mwenyewe.